Wasasi Wanapoadimika Marekani

Msomaji wa huku kwetu, aliyezoea kusoma habari za majangili na za pembe zilizonaswa bandarini, aghalabu humhesabu kila mwenye bunduki porini kuwa adui wa wanyama, na si rahisi kumlaumu. Kwa hiyo huenda akastaajabu kuambiwa kwamba iko nchi kubwa ambayo maofisa wake wa wanyamapori, watu waliosomea elimu ya viumbe na kukabidhiwa ulinzi wao, wanahuzunika kwa kuwa wenye bunduki porini wanapungua, na kwamba serikali za majimbo yake zinatumia fedha kuwabembeleza raia waende kuwinda na kuvua. Nchi hiyo ni Marekani, na atakaye kuijua sababu ya huzuni hiyo hana budi kufungua daftari la hesabu kabla ya kwenda msituni.

Tangu mwaka 1955 serikali kuu ya nchi hiyo imekuwa ikiwauliza raia wake, kila baada ya miaka mitano hivi, nani kati yao amewinda, nani amevua, na, katika chunguzi za baadaye, nani ametazama ndege na wanyama kwa ajili ya kutazama tu. Mwaka 1991 watu milioni 14.1 wenye umri wa miaka 16 na zaidi walijibu kwamba wamewinda. Mwaka 2016 waliojibu hivyo walikuwa milioni 11.5, ilhali taifa lenyewe lilikuwa limeongezeka watu kwa makumi ya mamilioni, hata ikawa katika kila Wamarekani 100 wa umri huo hawakufika watano waliokwenda mawindoni mwaka ule. Uchunguzi wa 2022 ulileta idadi kubwa zaidi, lakini namna ya kuuliza ilikuwa imebadilishwa, na wenye kuufanya wenyewe wakaonya kwamba hesabu zake zisilinganishwe na za nyuma. Wavuvi hawakupungua kwa idadi, kwani walikuwa milioni 35.6 mwaka 1991 na milioni 35.8 mwaka 2016. Illa kubaki pale pale kwa robo karne, katika taifa lisiloacha kukua, ni kurudi nyuma.

Uvuvi unaotajwa hapa, ni vyema kueleza, si ule wa jarife na madema tuujuao, wa mtu kutafuta riziki yake na ya wanawe. Ni uvuvi wa ndoana na mshipi uliozungushwa kwenye gurudumu dogo, wa mtu aliyekaa katika mashua ya ziwani siku ya Jumamosi, au wa yule ambaye, wakati wa baridi kali, hutoboa barafu na kukaa na ndoana yake yenye chambo ndani ya kibanda kilichosimamishwa juu ya ziwa lililoganda. Na wako miongoni mwao wampimao samaki, wakampiga picha, kisha wakamrudisha majini akiwa hai, jambo ambalo mvuvi wa Kilwa au wa Lamu angeliona ni wazimu mtupu. Kadhalika usasi wao: nyama ya kulungu huliwa, tena kwa furaha, lakini ni haramu kuiuza sokoni, na katazo hilo ndilo mlango wa hikaya yote hii.

Katika karne ya kumi na tisa nyama ya mwitu ilikuwa bidhaa kama nyingine. Wapo watu waliowinda kwa ajili ya soko, wakapakia bata na njiwa katika mapipa na kuwasafirisha kwa reli hadi miji mikubwa, na njia hiyo ikafanya katika miaka michache kazi ambayo maradhi na ukame havikuiweza. Nyati wa Marekani, waliokuwa wakihesabiwa kwa mamilioni katika mbuga za nyasi, walibakia mamia kadhaa tu. Kulungu wa mkia mweupe walipungua mpaka wakakisiwa kuwa nusu milioni katika bara zima. Na njiwa wahamaji, ambao makundi yao yalisemwa kuwa yalifunika jua, walikwisha kabisa, hata wa mwisho wao, aliyepewa jina la Martha, akafa kizimbani katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914.

Walioinuka kuzuia maangamizi hayo wengi wao walikuwa wasasi wenyewe, watu wa tabaka la juu waliowinda kwa fahari, na ambao, ikiwa tutasema kweli, waliogopa kukosa cha kuwinda kabla ya kuogopa jambo lingine. Mmoja wao alikuwa Theodore Roosevelt, aliyeanzisha pamoja na wenzake mwaka 1887 chama kiitwacho Boone and Crockett, na ambaye mwaka 1909, mara tu baada ya kuutoka urais, aliteremka Mombasa na kuanza safari ndefu ya kuwinda kwa niaba ya jumba la makumbusho la Smithsonian, safari ambayo huenda mababu wa baadhi ya wasomaji waliibebea mizigo. Sheria zilizofuata zilijengwa juu ya kanuni moja: mnyama wa mwitu hana mwenyewe, bali ni amana mikononi mwa jimbo kwa ajili ya raia wote, asiuzwe nyama, na atakaye kumwinda alipe leseni na afuate majira na idadi aliyopangiwa.

Lakini amana huhitaji mlinzi, na mlinzi huhitaji mshahara. Mwaka 1934, katika dhiki kubwa ya uchumi na ya ukame, ilitungwa sheria iliyomlazimu kila mwinda bata kununua stempu ya dola moja, na fedha zake zikanunua vinamasi. Na mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyopewa majina ya waliowasilisha mswada wake, Seneta Key Pittman wa Nevada na Mbunge Willis Robertson wa Virginia, ambayo haikubuni ushuru mpya bali iliukamata ushuru uliokuwapo tayari juu ya bunduki na risasi, ikauelekeza kwa wanyama.

Na tuifuate fedha hiyo kuanzia dukani. Mtu anaponunua kasha moja la risasi, ndani ya bei aliyolipa, pasipo yeye kuiona, imo asilimia 11 ambayo mtengenezaji amekwisha kuitoa kwa serikali kuu juu ya bei yake ya kuuzia. Fedha hizo hazichanganywi na kodi nyingine. Hugawiwa majimbo, nusu kwa kadiri ya ukubwa wa ardhi ya jimbo, na nusu kwa kadiri ya idadi ya watu wake walionunua leseni ya kuwinda. Jimbo likitaka kuzitumia, tuseme kununua kinamasi au kuhesabu bata mzinga, serikali kuu hulipa robo tatu ya gharama, na robo iliyobaki sharti jimbo liitoe lenyewe, na aghalabu hulitoa fungu hilo katika ada za leseni. Na jimbo litakalothubutu kuzichukua ada hizo kwa ajili ya barabara au shule hupoteza haki ya kupata mgao wake. Mwaka 1950 mpango kama huo uliwekwa juu ya vifaa vya kuvulia, na mwaka 1984 ukapanuliwa hata ukayaingiza mafuta ya mashua. Kwa hiyo msasi mmoja anapoitundika bunduki yake ukutani na asiishushe tena, jimbo hupungukiwa ada yake, hupungukiwa kichwa kimoja katika hesabu ya mgao, hupungukiwa ushuru wa risasi asizonunua, na hupungukiwa ile robo ambayo bila yake robo tatu za serikali kuu hazitoki.

Mpango huo ulifanya kazi, na mkosoaji wake lazima akiri. Kulungu wa mkia mweupe leo hukisiwa kuwa milioni 30 hivi. Bata mzinga mwitu, waliokuwa wametoweka katika majimbo mengi, walinaswa kwa nyavu kule walikobakia, wakapelekwa kule walikokwisha, nao wakajaa. Vinamasi vilivyonunuliwa kwa stempu za wawinda bata hutembelewa na watu wasiowahi kushika bunduki, wakiwa na darubini shingoni, nao mara nyingi hawadaiwi kitu.

Wisconsin, jimbo la kaskazini lenye maziwa mengi na misitu, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa karibu, kwani huko majira ya kuwinda kulungu kwa bunduki ni mila kamili, yenye heshima karibu sawa na sikukuu. Majira hayo ni siku tisa, na huanza Jumamosi iliyo kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Usiku wa kuamkia siku hiyo barabara za kwenda kaskazini hujaa magari. Viwanda vimekwisha kuzoea kuwapa watu likizo, na baadhi ya shule vilevile. Na katika vibanda vya mbao msituni hukutana mababu, wana, mashemeji na majirani, wakicheza karata na kusimuliana kwa mara nyingine visa ambavyo kila mmoja anavijua mwisho wake. Kabla ya alfajiri kila mtu huwa amepanda dungu lake mtini, amevaa koti la rangi ya chungwa yenye kung'aa ili asidhaniwe kuwa mnyama, ana chupa ya kahawa ya moto, na amekatazwa hata kukohoa.

Zamani mtu akipata kulungu alikuwa hana hiari: ilimlazimu ampakie garini na kumpeleka kwenye kituo cha kuandikisha, ambacho mara nyingi kilikuwa baa au kituo cha mafuta penye njia panda, na hapo mnyama alitiwa kibandiko, wataalamu wa jimbo wakamfunua kinywa ili wajue umri wake kwa meno, na watu wazima kwa watoto wakazunguka gari kupima pembe kwa macho na kubishana. Tangu mwaka 2015 kazi hiyo hufanywa kwa simu au kwa intaneti. Mwaka 2016 kiliondolewa pia kile kibandiko chenye namba ambacho kila msasi alikibana mgongoni mwa koti. Nia ilikuwa njema, yaani kumpunguzia msasi udhia. Nami sina ushahidi wa kuleta mbele ya kadhi, lakini nadhani walioirahisisha mila hii waliiondolea ule mkusanyiko ambao ndani yake mtoto wa miaka kumi, aliyeachwa nyumbani asubuhi, alikuwa akitiwa uchu wa kwenda mwaka ujao.

Maana usasi haujifunzwi kitabuni. Hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana kama ufundi wa jahazi upitavyo, na ukikosa kizazi kimoja hukosa wa kuufundisha kizazi kifuatacho. Kizazi kikubwa cha wasasi wa Marekani ni cha wale waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili, na hao sasa ni wazee wa miaka 60 na zaidi, ambao magoti hayakubali tena kupanda dungu gizani. Wana wao wengi wamekulia mjini, ambako mwishoni mwa juma mtoto ana mechi ya shule, mama ana zamu ya kazi, na babu yuko mwendo wa saa tano kwa gari. Fauka ya hayo ipo habari ya ardhi. Katika majimbo ya mashariki na ya katikati sehemu kubwa ya ardhi ni milki ya watu binafsi. Zamani mtu alibisha hodi kwa mkulima, akaomba ruhusa, akapewa, na baadaye akarudi na paja la kulungu kuwa shukrani, ilhali leo shamba limenunuliwa na mtu akaaye Chicago, hodi haina wa kuiitikia, na juu ya mti limepigiliwa tangazo la kukataza kuingia.

Mwaka 2002 Wisconsin ilipata pigo lingine. Uligunduliwa humo ugonjwa unaowakondesha kulungu hata wafe, ambao chanzo chake si kijidudu bali ni protini iliyopotoka na kuzipotosha nyingine katika ubongo. Na ingawa hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama, wake kwa waume walilitazama jokofu lao kwa hofu, na leseni zilizouzwa mwaka ule zikashuka ghafla. Wengine walirudi baadaye. Wengine walikwisha kuonja raha ya kukaa nyumbani.

Kulungu nao hawangoji. Katika jimbo ambalo kulungu wake hukisiwa kuzidi milioni moja na nusu, msasi ndiye chombo pekee cha bei nafuu cha kuwapunguza, na wasipopunguzwa hula miche ya misitu hata mti uliozeeka usiwe na mrithi, humaliza bustani za watu, na hugongwa na magari usiku. Iko miji ya Marekani ambayo imefikia kuwaajiri mafundi wa shabaha wawaue kulungu viungani mwake, yaani serikali inalipa mshahara kwa kazi ambayo watu walikuwa wakiilipia leseni ili waruhusiwe kuifanya.

Hapa hesabu inageuka kwa namna ambayo waandishi wa sheria ya 1937 hawakuitarajia. Wasasi wamepungua, lakini ushuru wa silaha umeongezeka, na katika miaka ya 2022 na 2023 mgao wake ulipita dola bilioni 1 kwa mwaka. Sababu ni kwamba wanaonunua bunduki na bastola siku hizi wengi wao hawawindi chochote, bali hununua kwa hofu ya wezi, kwa shughuli ya kulenga shabaha, au kwa kuogopa kwamba sheria zitabadilika kesho. Yako majimbo ambayo serikali kuu iko tayari kuyapa fedha nyingi kuliko yanavyoweza kuzipokea, kwa kuwa ada za leseni hazitoshi kutimiza robo yao. Mimi naona ni jambo la kutisha kidogo kwamba makazi ya bata na kulungu yanalipiwa na hofu iliyoko mijini, na kwamba mwaka wa amani na utulivu ungekuwa mwaka mbaya kwa vinamasi.

Wala si wanyama wote waliokuwamo katika mapatano haya tangu awali. Anayelipa ndiye anayesikizwa, na msasi alilipia kulungu, bata na bata mzinga, kama mvuvi alivyolipia samaki aina ya trauti, ambao bado hutotoleshwa katika mabwawa ya serikali na kumwagwa mitoni kwa maelfu ili waje wavuliwe. Nani alimlipia chura? Amerika ya Kaskazini ina takriban aina 300 za kome wa mito na maziwa, utajiri usio na mfano duniani, na zaidi ya theluthi mbili ya aina hizo zimo hatarini au zimekwisha kutoweka. Kome huchuja maji wanayoyanywa watu, lakini hakuna mtu anunuaye leseni ya kumwinda, na kwa hiyo katika ofisi nyingi za majimbo habari zake zimo katika faili jembamba lililo chini kabisa.

Uchunguzi ule wa 2016 ulihesabu watu milioni 86 waliotazama ndege na wanyama, dirishani kwao au safarini. Hao hununua darubini, kamera, mahema na magunia ya mbegu za ndege, na hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo chenye ushuru wa wanyama. Katika miaka ya 1990 majimbo yalijaribu kuutia, kwa kampeni iliyoungwa mkono na vyama vingi vya uhifadhi. Watengenezaji wa mahema na mikoba wakapinga, Bunge likasitasita, na mapendekezo yakafa. Mpenda ndege, ambaye mara nyingi humtazama msasi kwa dharau, ameendelea, mara nyingi, kuingia bure mahali palipolipiwa na huyo anayemdharau. Naandika haya pasipo kumpendelea msasi, kwani mimi mwenyewe ni wa upande wa darubini.

Huku kwetu njia za kuwalipia wanyama zilitengana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ikaweka tegemeo lake kwa mtalii mwenye kamera. Tanzania iliuacha uwindaji wa wageni uendelee katika vitalu, na wageni hao kwa sehemu kubwa ni Wamarekani, hata serikali ya Marekani iliposimamisha mwaka 2014 uingizaji wa pembe za tembo waliowindwa Tanzania, uamuzi ulioandikwa Washington ulisikika hadi katika pori la Selous. Kupungua kwa wasasi kule, basi, si habari ya watu wa mbali peke yao.

Tiba zimejaribiwa. Majimbo hufungua madarasa ya usiku kwa watu wazima wa mjini watakao kujua nyama yao imetoka wapi. Hutafuta wanawake, ambao mwaka 2016 walikuwa kama mmoja katika kila wasasi kumi, na Wisconsin, kwa busara ambayo wanawake wenyewe waliicheka, iliruhusu mwaka 2016 koti la rangi ya waridi badala ya chungwa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga kila kitu isipokuwa msitu na ziwa, leseni ziliuzwa kwa wingi, na maofisa wakafurahi. Kisha shule na viwanja vya michezo vikafunguliwa, na wengi wa wale wanunuzi wapya hawakuonekana tena.

Dawa iliyo na nguvu zaidi ilipatikana Missouri, ambako mwaka 1976 wapiga kura waliandika katika katiba ya jimbo lao kodi ya sehemu moja ya nane ya asilimia moja juu ya kila kinachouzwa dukani, kwa ajili ya misitu, samaki na wanyama, yaani dola moja katika kila dola 800, atoe msasi, mpenda ndege, na asiyejua tofauti ya bata na bata mzinga. Arkansas ikafuata mwaka 1996 kwa kodi ya namna hiyo. Kwa taifa zima, Baraza la Wawakilishi lilipitisha Juni 2022 mswada wa kuyapa majimbo na makabila ya wenyeji wa asili zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka kwa viumbe visivyo na msasi wala mvuvi. Seneti haikuupigia kura, kwa sababu haikukubaliana fedha zitoke wapi, na muhula wa Bunge ulipokwisha mswada nao ukaisha.

Kwingineko wanasiasa huogopa hata kupandisha ada iliyopo. Leseni ya mkazi wa Wisconsin ya kuwinda kulungu kwa bunduki iliwekwa dola 24 mwaka 2005, na miaka mingi ikapita bila bei hiyo kuguswa, ingawa mafuta, mishahara ya walinzi na chakula cha trauti mabwawani vilipanda bei. Na kila ofisi inayosimamia wanyama ilipokwenda kuomba nyongeza, ilijibiwa kwamba ikipandisha bei itawafukuza hata wale wachache waliobaki.